Gari la Kiti Kimoja Lililokuja Kunichukua Matombo

Nakumbuka siku ya harusi yangu, mwanangu, na kitu cha kwanza kinachonijia si shela wala kwaya, ni mngurumo. Ulianzia chini kabisa bondeni, ukapanda mlima, unakatika, unakohoa, unaanza tena, mpaka mbuzi wa misheni ya Matombo wakakata kamba. Bibi mmoja akafanya ishara ya msalaba. Mimi nikajua: Fidelis huyo, bwana harusi wangu.

Juzi walifika hapa Kihonda vijana wawili kutoka Dar, watu wanaokusanya magari ya zamani. Wanataka historia ya gari lile: nani alilimiliki, lilikimbia wapi, lilishinda nini. Mzee wangu, Fidelis huyo huyo, yuko hapo ndani, masikio yamechoka, kwa hiyo maswali yote yakaniangukia mimi. Nawe sikiliza kabla hujaondoka kwenda kuanza maisha yako, maana humo mna la kwako.

Lilikuwa gari la mashindano, la kiti kimoja tu. Refu na jembamba kama ndizi mkono wa tembo, jekundu, magurudumu yamekaa nje, paa halina, mlango halina. Dereva huingia kama mtu anayejitumbukiza kwenye pipa. Aliyelileta ni Mgiriki wa mashamba ya mkonge, enzi hizo Kihonda yote ni mkonge. Alishindana nalo Tanga, akashindana nalo Nairobi, akarudi na kikombe, na kila Jumapili alilikimbiza kwenye barabara ya shamba hadi vibarua wakaacha kuanika nguo kando ya njia. Alipoondoka nchini likabaki kwa Mhindi mwenye duka la vitambaa mjini. Kijana wake akalishindanisha na garimoshi. Garimoshi lilishinda, kwa sababu garimoshi halikukutana na ng'ombe. Baba mtu akaona bora alitoe sadaka misheni, na huko bruda mmoja akaifunga injini yake kwenye mashine ya kusaga. Injini ile haikujua kwenda polepole. Akina mama walileta mahindi, wakarudi nyumbani wamepakwa unga tangu kope hadi visigino, na vikapu vitupu. Ndipo bruda akamwita Fidelis, fundi magari wa mjini, aje aichomoe. Fidelis akaiomba injini, akapewa na gari lenyewe. Kazi ya kuchomoa ingekwisha mapema, lakini alinikuta mimi, ikawa haiishi.

Sikufichi: nililipenda gari kabla ya mtu. Akipenda, chongo huita kengeza. Mimi hata kuona kwamba kiti ni kimoja, sikuona.

Aliyeona ni Mjomba Pius. Kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye neno juu ya mpwa wake. Baba husikiliza pamoja na wageni. Tumetoka kanisani, vigelegele vinapaa, Fidelis kasimama kando ya gari na suti yake na miwani ya mbio. Mjomba akalizunguka gari, mikono mgongoni.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Mke atakaa wapi?"

"Yeye atakuja na basi la kesho, Mjomba. Nitampokea stendi."

Vigelegele vikakatika.

"Hili si la abiria," Fidelis akaongeza haraka. "Ni la mashindano."

"Unashindana na nani tena, nawe umeshaoa?" Mjomba hakupandisha sauti. "Mke ni nguo, mgomba kupalilia. Kupalilia hakufanywi kwa mbio. Ama mpwa wangu anaondoka nawe leo, ama anarudi ndani na mimi, na padri atajua la kufanya."

Fidelis akatazama gari, kisha akanitazama. Nilikuwa nimeanza kulia, wanja umeshafika shavuni. Akavua koti la suti, akafuta kiti kwa koti lile lile. "Basi akae yeye," akasema. "Mimi nitasukuma."

Nikashindiliwa humo, shela na yote. Injini imezimwa, wanaume wakasukuma. Sasa, barabara ya Matombo wakati ule ilikuwa mteremko, mawe, halafu mteremko mwingine, na hakuna aliyekumbuka kunieleza breki iko wapi. Gari likawaponyoka.

Mwanangu, Mgiriki hakukimbia vile! Nilipita kuku, nikapita kwaya iliyotangulia, nao wakadhani ndiyo ratiba ya harusi, wakaongeza kuimba. Shela likabaki juu ya mfenesi. Niliwataja watakatifu wote ninaowajua, na wengine nikawabuni palepale. Nyuma namsikia Fidelis anakuja mbio, analiita jina langu, kiatu kimoja kimebaki njiani. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Zangu ziliishia migombani, nikailaza safu nzima.

Akafika anahema, akapiga magoti kwenye tope. "Adela! Umeumia?"

Gurudumu la mbele lilikuwa limeng'oka, linaendelea na safari yake peke yake kuelekea mtoni. Hakuligeukia hata kidogo.

"Umeumia wapi? Sema basi!"

Nilikuwa nacheka hata siwezi kusimama. Mjomba akatokea taratibu, akaliangalia gari, akamwangalia mkwewe. "Nilitaka kusikia atauliza habari za nani kwanza," akawaambia watu. "Haya, mchukue."

Tuliondoka juu ya lori la ndizi, tumekalia mikungu. Gari likabaki pale miaka na miaka, kuku wakataga kwenye kiti, mpaka hao vijana wa Dar walipokwenda kulichukua. Nimewaambia waandike kwamba dereva wake wa mwisho ni mimi. Wakacheka. Nikawaambia sitanii.

Basi nisikilize, mwanangu. Mtu usimpime anapokwenda mbio na watu wanapiga makofi. Mpime kitu chake akipendacho kinapovunjika, usikie anauliza habari za nani. Na wewe ukijaliwa chako, iwe kazi, iwe jina, iwe nyumba, tenga mapema mahali pa mwenzio kukaa. Usingoje kuulizwa na mjomba mbele ya watu. Mwenye kiti kimoja hufika mapema, lakini hufika peke yake.

Nenda salama. Mungu akupe mwendo, akupe na breki. Akupe mwenza wa kukuuliza umeumia wapi, na wazee wa kukukanya ungali na nafasi ya kusikia. Amina.