Rangi alizokataa Muhindo

Haijaniingia kichwani bado. Leo asubuhi nimemwandikia Muhindo, "Umefika biro?", nikatuma kabisa, ndipo nikakumbuka kwamba Jumamosi tulimzika.

Kwa wasiomjua: Muhindo ndiye niliyetengeneza naye site za internet kwa miaka sita, ndani ya chumba kimoja mtaani Katoyi, ndiyo biro yetu. Yeye aliandika code, mimi nilichagua rangi. Homa ya siku nne tu, basi, ameenda.

Nasema nilichagua rangi, lakini mutu huyu alinisumbua.

Mimi napenda rangi za upole, maandishi ya kijivu juu ya nyeupe, buluu iliyofifia. Yeye anachukua simu, anashusha mwanga mpaka mwisho, anatoka nayo nje kwenye jua la saa sita na kuiweka juu ya ukuta wa mawe ya volkano. "Kuja usome." Nisome nini? Nilikuwa naona uso wangu tu kwenye kioo.

"Watu wa hapa wanasomaka juu ya moto, pikipiki inakimbia, kioo kimepasuka, mwanga wameshusha juu ya kubania batri. Weye unaandikia nani?"

Mtihani wa mwisho ulikuwa mama yake, anayeuza sombe, majani ya muhogo, mbele ya nyumba yao Ndosho. Macho yake yana ukungu siku hizi. Mama akisoma, site inatoka. Asiposoma, tunarudi kwenye rangi.

Kuna siku tulikuwa tumechelewa na site ya kituo kimoja cha afya, client anapiga simu kila saa. Mama akashindwa kuona kitufe cha kuita muganga, njano yangu juu ya nyeupe. Nikakasirika. "Muhindo, mama yako si client." Nilisema hivyo mbele ya mama mwenyewe.

Muhindo akarudi kwenye code. Alibadilisha kitufe kikawa buluu nzito na maandishi meupe, akaenda zake. Kesho yake akaja na viazi vya moto, tukala, hakuna aliyetaja jambo lile. Sikuomba msamaha. Nilidhani muda upo.

Wiki iliyopita familia ikaniomba nitengeneze ukurasa wa kilio, na saa ya misa, na mahali pa mazishi, ili ndugu wa Butembo na Beni wapate habari. Nikaweka picha yake, na jina lake kwa zambarau laini juu ya nyeupe. Ulipendeza, siwafichi. Ulinituliza kidogo.

Nikampelekea mama simu pale uani, juani, katikati ya wamama wenzake. Akaangalia muda mrefu. Nikafikiri ni machozi, nikamwambia, "Pumzika kwanza, mama."

"Hapana, mutoto yangu. Machozi nimepanguza. Hapa hakuna jina."

Nilikaa chini palepale, nikabadilisha. Nyeusi juu ya nyeupe, herufi kubwa, bila pambo. Akaweka kidole kwenye kioo, akasoma jina lote polepole, mpaka lile la ubatizo. Akasoma na saa ya misa. Halafu akaanza kulia kwa sauti, na wamama wakamfuata.

Muhindo, siku ile nilikosa, na nilikosa mbele ya mama yako. Nimemuomba msamaha, sasa nakuomba na weye. Ukurasa wako sikuutuma kwa mutu yeyote mpaka yeye aliposoma.

Mama amesoma. Lala vizuri, ndugu yangu.