Maskini wa Mbele, Maskini wa Nyuma

Mumewe alipozikwa, mpiga pasi hakukaa sana nyumbani. Watu walimsihi apumzike. Akawajibu kwamba nyumbani hakuna shuka za kunyoosha, na wala hakuwa anatania. Alifanya kazi katika chumba cha dobi cha hoteli kubwa, chini kabisa, mahali ambapo mvuke hupanda mpaka dari likatoka jasho. Tangu msiba umfike hakuwa amelia. Mama mkwe alimtazama kwa jicho la pembeni, ila yeye machozi aliyatafuta asiyaone. Alikuwa amekufa ganzi, mwili na moyo.

Siku moja alisikia harufu ya kuungua, akadhani ni shuka. Kumbe ni mkono wake. Msimamizi wao, mama wa Kihispania mwenye nywele nyeupe, alimvuta hadi bombani, akayaacha maji yautiririkie ule mkono, huku akisema taratibu, "Pobre mujer. Pobre mujer."

Mwenzake wa meza ya pili, waliyembandika jina la Redio kwa kuwa hazimiki, alikuwa ameokota maneno mawili matatu ya Kihispania kwa wageni. Akamtafsiria papo hapo: kakuita mwanamke maskini.

Jioni mpiga pasi alimsimulia wifi yake, dada wa marehemu, ambaye waliishi pamoja. Alisimulia kama mtu anayetaja kwamba mvua ilinyesha. Wifi akapanda juu. Nani kamwambia huyo mama kwamba kaka yake ameacha nyumba ya njaa? Akamtaka kesho aende akamuulize uso kwa uso. Mpiga pasi akasema sawa. Siku hizi kila kitu alikiitikia sawa.

Asubuhi alimkuta msimamizi akipanga mataulo. Akauliza, bila kupandisha sauti, amekosa nini hata aitwe fukara.

Msimamizi alishangaa, kisha akaelewa. Akaketi juu ya kapu la nguo na kumweleza kwa Kiswahili chake cha kukwamakwama. Kwao neno pobre lina mahali pawili pa kukaa. Likija nyuma ya mtu, mara nyingi linasema habari za mfuko wake. Likimtangulia, linasema yaliyompata, na hata tajiri huitwa hivyo akifiwa.

"Mimi niliweka mbele," alisema.

Mpiga pasi akafikiri. Hata yeye angesema maskini dada yangu kwa kumhurumia, na dada yangu maskini kwa sababu hana kitu. Hakuwahi kulichunguza jambo hilo. Akangoja moyo ufanye chochote, upoe au uwake. Haukufanya.

"Liweke kotekote," alisema. "Yote mawili ni kweli."

Msimamizi akainuka, akatoa shuka kapuni na kumpa ncha za upande mmoja. Akashika ncha za upande wa pili wa shuka, wakakunja pamoja, wakikutana katikati na kuachana, wakikutana na kuachana, mpaka kapu likawa tupu.

Jioni wifi alisikiliza habari nzima, hasira zikamwishia njiani. Kisha akauliza, sauti imeshuka:

"Na kaka je? Yeye neno hilo wanamwekea wapi?"

"Sikuuliza."

Mpiga pasi akainuka kuosha sufuria. Alikuwa ameishika muda mrefu chini ya maji, ndipo wifi akamwambia kwamba imekwisha kutakata.