Neno Kwenye Chupa ya Aidini

Kabla sijafungua macho nilisikia kijiko kikigonga gilasi, kisha kikazunguka ndani yake taratibu. Katika nyumba yetu ya Arua sauti hiyo ilikuwa na maana moja tu, kwamba kuna sukari. Na sukari hatukuwa tumeiona kwa miezi. Nilibaki mkekani, uso nimeuelekeza ukutani, nikijua kwamba nikigeuka kitakuwa kitu kingine.

Nikageuka. Jirani yetu, dresa wa hospitali, yaani mfunga vidonda, alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni akikoroga maji yenye rangi ya chai hafifu. Mbele yake, miguu ameinyoosha, alikaa nyanya yangu, mama yake baba. Sisi tulimwita Habuba.

"Kama ni chai," Habuba alisema, "sukari iko wapi?"

"Si chai, mama. Iko dawa. Ya maji."

Ulikuwa mwaka wa sabini na tisa. Vita vilikuwa vimeupita mji mkuu, na kila siku askari walioshindwa walipita Arua kuelekea kaskazini, wengine kwa magari ya kunyang'anya, wengine pekupeku. Sisi tulikuwa watu wa jeshi. Baba yangu alikuwa askari, na baba yake, na baba wa huyo pia, na hakuna ambaye hakuujua mlango wetu. Baba alituma neno kwa dereva mmoja: twende kwa miguu, tusipande gari lolote, tupitie Koboko kwa mdogo wake Habuba, tuvuke Oraba, naye atatukuta Kaya, upande wa Sudani. Tulikuwa wawili tu, mimi wa miaka kumi na tisa, na Habuba ambaye hakuwa na hakika na miaka yake. Mama yangu alikuwa amekufa zamani.

Kwa mwendo wa Habuba zilikuwa siku nne. Askari walinitisha, lakini kuna kitu kilichonitisha zaidi. Mvua zilizopita Habuba aliharisha damu wiki mbili, akabaki mifupa na macho. Dresa ndiye aliyemtibu, na aliniambia pembeni kwamba tumbo lile halitahimili mara ya pili. Njiani tungekunywa vijito na madimbwi. Kumfikisha Kaya akiwa hai, basi, lilikuwa ni jambo la maji, na la kile ambacho ningeweza kubeba.

Tulizungumza habari hiyo siku tatu. Habuba alitaka tuchemshe, kama watu. Nikafunga mzigo: unga wa muhogo, simsim, mkeka, jerikeni, sufuria ndogo na mfuniko wake. Nikajitwika, nikauzunguka uwanja mara kumi huku Habuba ameegemea bega langu. Sufuria yenyewe haikunisumbua. Kilichonishinda kilikuwa kuni mbichi za msimu wa mvua, saa ya kungoja maji yachemke na nyingine ya kungoja yapoe, na moshi, ambao kila mwenye bunduki angeuona kutoka kilima cha pili. Tukajaribu kuchuja kwa leso iliyokunjwa mara nne. Ilizuia majani na wadudu wenye miguu.

Halafu Habuba akaleta shabu yake. Alilizungusha lile jiwe jeupe ndani ya ndoo ya maji ya kijito, akaiacha, na baada ya muda matope yakaanza kushuka, kama watu wanaokaa chini baada ya kusimama siku nzima. Maji yakawa kioo. Habuba akamtazama dresa kwa fahari.

"Iko meupe, mama," dresa alisema, "lakini haiko safi. Vidudu haina rangi."

Ndiyo maana asubuhi ile alikuja na aidini, ile dawa ya kahawia ya kupaka vidonda, kwenye kichupa kisichozidi kidole gumba. Matone matano kwenye jerikeni, akaeleza, halafu mngoje muda wa kuiva wali. Nilikipokea kiganjani na sikuhisi uzito wowote. Nilikipenda kama nipendavyo sentensi fupi.

Habuba alionja ncha ya ulimi, akakunja uso, akasema yeye hana kidonda kooni. Tukacheka wote watatu. Nilijua amekubali, ndivyo alivyokuwa akikubali mambo, kwa kuyadhihaki kwanza. Kisha akakichukua kichupa, akakigeuza kwenye mwanga wa mlango na kunipa.

"Soma."

Habuba hakujua kusoma. Tangu utoto wangu mimi ndiye niliyemsomea barua za baba, kalenda, karatasi za dawa. Wakati ule nilikuwa nimekwisha amua kwamba nitaandika vitabu, na niliwadharau watu wanaotafsiri nusu nusu. Nikasoma yote, hata herufi ndogo za chini. Aidini, nikasema. Na pombe.

Kilichoandikwa kilikuwa spiriti. Ningeweza kusema spiriti, neno ambalo kwa Habuba lilikuwa kitu cha kupangusa ngozi kabla ya sindano, au kusema dawa, au kukohoa. Nilitafuta neno lililo sahihi zaidi, nikalipata.

Dresa alinitazama. Habuba alikichukua kichupa mkononi mwangu na kukiweka chini kama mtu anayeweka yai.

"Dresa. Hii iko na pombe?"

Alikuwa mzee wa kanisa, hakujua kudanganya. "Kidogo, mama. Hata mtoto hawezi kulewa."

"Sikuuliza kulewa."

Akamshukuru kwa taabu yake, akamuuliza hali ya watoto wake, na maneno yakaishia hapo. Maalimu wetu wa Kurani alikuwa ameshahama na familia yake wiki iliyotangulia, kwa hiyo hapakuwa na wa kuuliza. Mimi niliacha chuo chake mapema. Alasiri ambazo wenzangu walikuwa wakisoma dini, nilikuwa nimejificha nyuma ya nyumba na riwaya. Sikuwa na hoja, nilikuwa na hasira tu, na hasira Habuba hakuniruhusu kuionyesha mbele yake.

Tuliondoka na shabu. Kichupa nilikifunga kwenye pindo la leso yangu.

Siku ya pili, kupita adhuhuri, tulifika kwenye kijito ambacho ng'ombe walikuwa wametoka kunywa. Niliyatuliza maji kwa shabu, na Habuba alipolala kivulini nikampa mgongo, nikahesabu matone matano. Nilidhani kivuli kitaficha rangi. Nilidhani kiu itaficha harufu. Alipoamka nikammiminia. Aliyaingiza mdomoni, akayashika humo kidogo, akayatema kwenye majani.

"Umenipa nini?"

Hakunigombeza. Aliinua jerikeni kwa mikono yake miwili, akaimwaga yote njiani, kisha akateremka kijitoni. Akainama, akasukutua kwa maji ya matope mara tatu, mara saba, sijui mara ngapi. Halafu akanywa.

Tangu hapo hakupokea maji mkononi mwangu. Alikuwa na kibuyu kidogo cha udhu, akakifanya cha kunywea pia, na kila kijito yeye ndiye aliyetangulia kuinama. Hata shabu hakuitaka tena, kwa kuwa ilikuwa ndani ya mzigo wangu. Nilimwapia kwamba sitarudia. Aliniitikia kwa upole, akachota mwenyewe. Njia nzima tuliongea vizuri: juu ya mihogo ya watu, juu ya miguu yake, juu ya baba alipokuwa mdogo. Maji tu ndiyo hatukuyataja.

Tumbo lilianza kabla hatujaziona paa za Koboko.

Mdogo wake, naye mzee mwenye mgongo uliopinda, alitupokea bila kuuliza. Zahanati ilikuwa imefungwa na wahudumu wake wamekimbia. Dresa wetu nilijua ameshaelekea magharibi, kuvuka kwenda Zaire na watoto wake. Tulimpa Habuba uji mwepesi wenye chumvi kutoka mkononi mwa ndugu yake, na uji ulitoka kama ulivyoingia. Siku ya tatu hakuweza kukaa. Siku hiyo hiyo tulianza kusikia mizinga upande wa kusini, na watu wakapita na magodoro vichwani kuelekea Kuluba na Oraba, makundi kwa makundi, bila kelele.

Niliseme jambo moja hapa, kwa kuwa sitapata mahali pengine. Wiki kadhaa baadaye, Sudani, kwenye vibanda vya nyasi, nilimkuta maalimu wetu akifua kanzu. Baba sikumkuta Kaya, wala baadaye. Nilimweleza maalimu habari ya kichupa, nikiizungushazunguka, na nikamuuliza kama ingefaa. Hakuacha hata kukamua nguo. "Dharura, binti yangu. Kuokoa roho, ingefaa." Neno moja: dharura. Nililitafuta baadaye ndani ya kila jambo nililowahi kusoma, na halikuwamo.

Asubuhi ya kuondoka Habuba aliomba maji. Ndugu yake alikuwa uwani, kwa hiyo niliyekuwapo ni mimi. Jikoni mlikuwa na moto, kuni kavu na sufuria kubwa. Niliyachemsha mpaka yakarukaruka, nikayaacha yaendelee kurukaruka, kisha nikayapoza kwa kuyamimina kutoka kikombe hiki kwenda kile. Ilikuwa kazi ndogo sana. Nilimwinua kichwa. Akanishika kifundo cha mkono kabla kikombe hakijamfikia.

"Iko nini ndani?"

"Maji tu, Habuba."

Alinitazama, kisha akanywa. Mafunda mawili yalishuka. La tatu lilirudi pembeni mwa mdomo, nikampangusa kwa leso.

"Enda," akasema. "Baba yako iko Kaya."

Nilisema nitabaki. Ndugu yake, aliyekuwa amesimama nyuma yangu na mzigo wangu tayari umefungwa, alisema wazee wawili hakuna atakayewataka, ila msichana wa nyumba ya askari atatafutwa chumba hadi chumba, na nikikutwa humu tutakufa wote watatu. Hakupaza sauti. Habuba alikuwa amefumba macho, na sijui kama alisikia, ingawa vidole vyake vilikuwa vimeniachia.

Nilifungua pindo la leso, nikakiweka kichupa dirishani. Mzee akaniuliza ni cha nini.

"Dawa ya vidonda," nikamwambia.

Alinitwika mzigo kichwani, akanisindikiza hatua nne mpaka kizingitini. Nje, watu walikuwa wakipita. Nikatoka, na nyuma yangu mlango ukafungwa, na komeo likaingia mahali pake.