Siku Setelaiti Ilipopita Juu ya Sekei

Mwalimu wetu wa jiografia alieleza vizuri tu: Jumamosi asubuhi setelaiti itapita juu ya Arusha ikiangalia mawingu, vumbi na moshi. Sisi wanafunzi tuyaangalie mawingu hayohayo kutoka chini, tumpe majibu ayatume kwa intaneti. Nilifika nyumbani Sekei mbio, nahema, nikamwambia bibi kwamba Jumamosi tunapigwa picha kutoka juu. Basi! Jioni mtaa mzima ulikuwa na habari.

Bibi alikuwa na lake moyoni. Kitindamimba wake, baba yangu mdogo, alikwenda kusoma Ulaya akimwacha kitandani, nyonga imevunjika. Kila akipiga simu bibi alimwambia anatembea, naye haamini.

"Sasa ataniona mwenyewe," bibi akasema. "Nitasimama bila fimbo."

Jumamosi ilipofika, mama wee! Bibi alipiga marufuku kuwasha moto, eti moshi utaharibu picha, na majirani nao wakazima majiko. Tulikunywa chai iliyolala. Watu wakaja uani kwetu na nguo za kanisani, wakajipanga kama wako studio: wazee kwenye viti, mikono magotini, wanawake wamesimama nyuma, hakuna kucheka. Fundi cherehani alivaa suti ya mteja. Nikajaribu kusema setelaiti haioni watu.

"We mtoto, tulia, utatikisika!"

Wingu nalo likashuka kutoka Mlima Meru, taratibu, bila haya, likafunika anga lote. Saa ikafika. Bibi akampa jirani fimbo, akasimama, kidevu juu, miguu inatetemeka. Kazi yangu ilikuwa kuangalia mawingu, lakini nilimwangalia yeye, roho juu: simama bibi, simama! Mara kuku akarukia mapaja ya mzee wa kanisa, na studio nzima ikaangua kicheko. Bibi alicheka mpaka machozi yakamtoka. Hakukaa.

Nilimwandikia baba mdogo barua pepe nikamweleza yote. Siku chache baadaye akapiga simu dukani kwa jirani, ambako ndiko tulikopokelea simu zetu. Duka lilijaa watu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeniona?"

Simu ile ilikuwa na sauti kubwa, sote tulisikia. Na baba mdogo hajui kudanganya hata kidogo. Alisema ameitafuta picha kwenye kompyuta, akaipata, na Arusha yote ni wingu jeupe tu. Nilifumba macho. Nilitamani nimnyang'anye bibi simu.

"Ehee, hilohilo!" bibi akapaza sauti kwa furaha. "Mimi niko hapo chini yake, nimesimama!"

Upande wa pili baba mdogo akauliza:

"Bila fimbo, mama?" Alikuwa analia.

Bibi alifungua kinywa, akawahiwa. Duka zima lilimjibia, fundi cherehani akiwa wa kwanza: "Bila fimbo!"