Nyuma ya Nyati

Dada yangu Wairimu alinipigia simu alfajiri: "Nyati ameua Baba Shiko." Baba Shiko ni mumewe. Nilifunga duka langu hapa Lanet, Nakuru, nikaondoka nikiwa na nguo za kazini.

Njiani kutoka Nakuru sikuona chochote. Hata Ziwa Elmenteita lilipotokea upande wa kulia, nililiangalia nikawaza nyati tu.

Kariandusi, kwao Wairimu, nilipokelewa na vumbi jeupe la machimbo ya udongo, limekaa juu ya majani na viatu vya waombolezaji. Jirani alinieleza kwamba nyati alikuwa na waya wa mtego mguuni, umekula hadi mfupa. Aliyetega alitaka swara, hakujitokeza.

Asubuhi iliyofuata alikuja askari wa wanyamapori, mtu mzima mwenye sauti ya chini, aitwaye Koech. Nyati alikuwa amesimama mbele ya kichaka, ubavu wazi. Koech aliinua bunduki, akaishusha.

"Boss, piga! Unangoja nini?" watu walifoka.

"Nyuma ya hiyo kichaka sijui kuna nani," alisema. "Risasi ikimpita, mimi siwezi kuiita irudi."

"Hakuna mtu! Piga!" Nami nilipiga kelele pamoja nao. Nilimchukia mzee yule kuliko nyati mwenyewe.

Koech alizunguka polepole akashuka bondeni, hadi nyuma ya nyati ukabaki ukuta wa udongo mweupe peke yake. Lakini huko chini hapakuwa na mti wa kujikinga. Nyati alimwona akamjia. Koech alifyatua mara moja, karibu mno. Nyati alikufa palepale, ila alimwangukia.

Tulipokuwa tukimvuta Koech kutoka chini ya mnyama, Wairimu alitoka nyuma ya kile kichaka akitambaa, magoti yote meupe. Mkononi alishika kofia ya mumewe. Alikuwa ameifuata alfajiri hiyo pale mumewe alipouawa, nyati akamkuta huko, naye akalala chini akiogopa hata kukohoa.

"Niliwasikia," aliniambia. "Nilijua sauti yako."

Koech alikata roho kabla gari halijafika hospitalini Gilgil. Nilikuwa nimempakata kichwa.

Nimerudi Lanet baada ya mazishi mawili. Wateja wananiuliza kama ni kweli yule askari alikufa kwa woga. Nawaambia nina dada kwa sababu yake. Wairimu mwenyewe bado hapokei simu zangu.