Siku Herufi Zangu Zilipomfuata Bibi Harusi

Kuna Wakenya hapa Doha ambao wakiniona tu wanainamisha vichwa upande wa kulia, halafu wanaegemeana mabega wakicheka, na wewe mgeni utadhani ni salamu mpya ya mjini, kumbe ni mimi ninayechekwa, kwa hiyo acheni niwasimulie mwenyewe kabla hamjaonyeshwa video (ipo, na kwa bahati mbaya ninaonekana vizuri sana).

Nafanya kazi kwenye duka la kuchapisha mabango, mtaa wa Abu Hamour. Wakati huo nilikuwa kaunta, kazi yangu kupokea wateja na kuwaambia "inshallah kesho", lakini roho yangu ilikuwa kwenye meza ya usanifu, na kwa miezi minane kila nikitoka kazini nilikuwa nachora fonti yangu mwenyewe. Si fonti ya kuchezea, jamani! Herufi zimelala kidogo kuelekea kulia kama mtu anayewahi basi, zina unene na wembamba kana kwamba zimeandikwa kwa kalamu ya wino yenye ncha pana, na kila moja ina vijiguu vyake vya kukanyagia chini. Herufi kubwa nilizipa mikia. Ile N sasa! Mkia wake ulitokea juu kushoto, ukashuka, ukajikunja mwishoni kama ndoana, na nilipoumaliza nilicheka peke yangu mpaka mwenzangu wa kitanda cha juu akauliza kama nimepata viza ya Kanada.

Basi rafiki yangu Nanjala, nesi, akawa anaolewa na Otieno, akaniomba majina yao yakatwe makubwa, yasimame juu ya meza ukumbini. Mudir wetu (ndivyo tunavyomwita bosi huku, hata akiwa Mhindi kama huyu) naye alialikwa, na aliniambia waziwazi kwamba kazi hiyo ikipendeza, Jumamosi nahamia meza ya usanifu. Usingizi ulinipotea kwa furaha.

Herufi zilikatwa kwa povu gumu la plastiki, unene wa vidole vitatu, urefu wa mkono mzima. Anayeendesha mashine ya kukatia ni Yusuf, Mganda mpole asiye na maneno mengi. Alizisimamisha mbili, akazitazama, akatikisa kichwa.

"Dada, hizi zinaegemea. Tuweke ubao nyuma, tuzibandike zote pamoja."

Nikamwambia ubao utaua uzuri, herufi zina miguu na zitasimama kwa miguu yao. Akasema basi angalau mkia wa N tuupunguze. Hapo nilikasirika kabisa (eti nimkasirikie Yusuf, mtu anayenigawia chapati yake), nikamjibu kwamba yeye akate tu, kuchora aniachie mimi.

Ijumaa mchana ukumbi ukajaa. Herufi zangu zilikuwa zimesimama mezani, Nanjala na Otieno, zote zimeinama kulia kwa madaha, na mwishoni kabisa, baada ya o ya mwisho, ilikuwa keki ya ghorofa tatu. Watu walipiga picha kabla hata maharusi hawajafika! Mudir alikaa mbele na mkewe, akanionyesha dole gumba, nami nikajiona tayari kwenye kile kiti cha kuzunguka cha msanifu, nikijizungusha.

Maharusi wakaingia wakicheza, kutokea kushoto, na Nanjala kwa furaha yake akapita karibu sana na meza, shela likimfuata nyuma. Ndoana ya N ikalinasa. Naapa niliiona. Nanjala akasonga hatua mbili, N ikavutwa, ikaiangukia a, a ikaiangukia n, na kwa kuwa zote zilikuwa zimekwishainama upande huohuo (kwa ustadi wangu mwenyewe), zikalala moja baada ya nyingine mpaka mwisho wa meza. Nikaruka kuidaka o. Nikaikosa, kiwiko changu kikazama ghorofa ya chini ya keki, na o ikatua ghorofa ya juu, ikasimama wima. Katika herufi zote, hiyo peke yake ndiyo iliyosimama.

Mshereheshaji akashika kipaza sauti. "Wageni wetu, naona hata majina yanataka kucheza."

Ukumbi ulilipuka. Nanjala alikuwa bado anacheza, N inamning'inia mgongoni, na alipogeuka kuona wanacheka nini alikaa chini sakafuni na gauni lake, akacheka mpaka wanja ukashuka mashavuni. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Mudir akaja polepole. Akaichomoa o, akaifuta krimu kwa kitambaa, akapitisha kidole pale unene unapogeuka wembamba.

"Nani amechora hii?" akauliza, kana kwamba hajui.

"Mimi, bosi."

"Nzuri sana." Akaigeuza, akaona nyuma hakuna alama ya ubao. "Na nani amekataa ubao?"

"Mimi."

Jumamosi nilihamia meza ya usanifu kweli. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa vibao vya vyoo vya zahanati, herufi zilizonyooka, skrubu nne kila kibao, na Yusuf ndiye aliyekagua. Nilimwomba msamaha, na nimeapa kwamba herufi yangu yoyote itakayotoka kwenye kompyuta na kwenda kusimama mbele za watu, itapita kwake kwanza.

Lakini mkia wa N sijaupunguza. Nanjala ameitundika sebuleni kwao, Al Rayyan, imebandikwa kwenye ubao, na uzi wa shela bado umenasa pale kwenye ndoana.