Mkono wa Kushoto wa Baba

Wewe unayenisikiliza, ngoja kwanza nikueleze kodiani, kile kinanda cha kuvaliwa kifuani, inavyofanya kazi, ndipo utamwelewa baba yangu. Kodiani haitoi sauti bila ya pumzi, na pumzi yake hutoka kwenye mkono wa kushoto: unaufungua, unaufunga, hewa inapita. Unguja, baba aliipiga kwenye taarabu, na mama aliimba harusini. Tulipokuja Maskati baada ya mapinduzi, kodiani ilibaki kule. Hapa muziki siku zile haukupigwa ovyo, basi wote wawili wakanyamaza. Mimi nilikuwa mtoto, na kilichonitia khofu ni ule mkono wa baba. Ulilala pajani kama si wake.

Tulikaa kijiji cha Sidab, na baba alivuka kilima kila siku kwenda mjini, akiwatafsiria wagonjwa kwenye hospitali ya Wazungu. Nesi mmoja wa makamo alikuwa na kinanda cha kanisa, kile cha kukanyaga. Aliposikia kuwa baba ni mpigaji, akamkaribisha Ijumaa alasiri.

"Ushaanza kwenda kanisani sasa?" mama akamuuliza.

"Nnakwenda kukanyaga tu, mke wangu."

"Basi kakanyage na mwanao."

Ndivyo nilivyokwenda naye. Kinanda kile kilivuta hewa kwa miguu, mikono ikabaki huru. Lakini baba kila akifika kwenye sauti ndefu, mkono wa kushoto uliziacha funguo za kinanda ukaenda kuvuta hewa pembeni, na sauti ikakatika. Nesi alicheka mpaka akafuta machozi. Mimi sikucheka. Mkono ulikuwa umeamka.

Nesi alimfundisha kipande cha mpiga kinanda wa kale wa Ujerumani. Jina lake baba hakuweza kulitamka, nami nimelisahau. Nesi akatusimulia kuwa mtunzi huyo alitumikia kanisa moja mpaka uzee, akitunga kwa ajili ya sala na sikukuu zao, na nyuma ya kinanda watu walimpulizia mivukuto ya kutia hewa. Ili kuipata kazi ile, ilimbidi amuoe binti wa mpigaji aliyemtangulia. Alipozeeka, naye akaweka sharti hilo hilo, na vijana waliokuja kuitaka kazi wakamtazama binti yake wakaaga.

Baba alimhadithia mama yote haya usiku ule ule.

"Huyo nesi ana binti?" mama akauliza.

"Hana."

"Alhamdulillahi."

Kipande chenyewe si kigumu kukieleza. Mkono wa kulia unaanza mstari. Ukifika katikati, wa kushoto unauanza mstari ule ule tokea mwanzo, na wa kulia unaendelea na safari yake. Mmoja anamkimbiza mwenzake na hamkamati. Baba aliuimba mstari ule kwa mdomo nyumbani, wiki baada ya wiki, akioga, akifunga kilemba. Lakini kwenye kinanda, zamu ya kushoto ikifika, mkono unakwenda kuvuta hewa.

Kisha nesi akahamishwa, na kinanda kikaondoka naye. Baba alirudi kutoka kumuaga, akakaa mkekani mbele ya sinia ya kahawa. Mkono ukalala pajani. Nikawaza, haya, umekwisha tena.

Baada ya muda vidole vyake vya kulia vikaanza kugonga ukingo wa sinia, naye akauimba ule mstari polepole. Alipofika katikati akasita, pale pale alipokuwa akikwama siku zote. Jikoni mama alikuwa anachagua mchele. Bila ya kugeuka, akauanza mstari tokea mwanzo.

Baba hakumtazama. Akaendelea na wake. Na mkono wa kushoto ukainuka kutoka pajani, ukafungua taratibu, ukafunga.

"Unafukuza nzi?" mama akageuka akauliza.

"Nnapiga."

"Piga basi, usinikatie pumzi."

Wakaanza upya.

Jaribu na mtu uliye naye nyumbani, hata kama sauti zenu si nzuri. Chagueni mstari mmoja wa wimbo mnaoujua nyote wawili. Anza wewe. Ukifika katikati, mwenzako aanze mwanzo. Usimsubiri, wala usimfuate. Shika wako mpaka mwisho.